Jinsi ya kukagua noti nyeupe ya pauni 5 ya Uingereza

Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni stakabadhi: karatasi nyeupe, wino mweusi, nyuma hamna kitu. Ni kubwa pia. Benki Kuu ya Uingereza ilianza kutoa noti ya pauni 5 mwaka 1793, vita na Ufaransa vilipoifanya dhahabu iadimike, na hii nyeupe ilidumu hadi 1957. Wengi hukimbilia kukagua maandishi. Mimi huanza na karatasi.

1. Nawa mikono, ikauke. Noti yenyewe usiioshe wala usiipige pasi. Ya kwanza niliyonunua niliipiga pasi kuondoa mikunjo, ikalegea kama leso. Mnunuzi aliishika tu, akanirudishia bila kuuliza bei.

2. Isikilize. Ipepee karibu na sikio. Karatasi yake ilitengenezwa Hampshire na akina Portal, waliopewa kazi hiyo na benki mwaka 1724. Ni nyembamba, lakini inakwaruza.

3. Iinue kwenye mwanga. Tafuta alama ya maji: mistari ya mawimbi, iliyoanza kutumika 1801. Noti zilizotolewa kuanzia mwishoni mwa 1945 zina pia uzi wa chuma ndani ya karatasi.

4. Linganisha tarehe na sahihi. Juu kushoto ameketi Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, aliyechorwa na Daniel Maclise mwaka 1855. Halafu soma tarehe, maana noti hizi ziliandikwa siku, mwezi na mwaka. Sahihi ni ya keshia mkuu wa benki: ya Peppiatt ni ya 1934 hadi 1949, Beale hadi 1955, kisha O'Brien. Noti ya 1952 yenye sahihi ya Peppiatt? Irudishe kwa mwenyewe.

5. Haina uzi? Hapo tulia. Wakati wa vita kuu ya pili, katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen huko Ujerumani, ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, Bernhard Krüger aliwasimamia wafungwa Wayahudi waliolazimishwa kughushi noti za pauni 5, 10, 20 na 50. Kazi yao ilikuwa ya hali ya juu mno. Walizikunja na kuzichafua zionekane zimepita mikononi mwa watu, wakazitoboa kwa pini, kwa kuwa makarani wa Kiingereza walizoea kubana noti hivyo. Elyesa Bazna, mtumishi wa balozi wa Uingereza mjini Ankara aliyewauzia Wajerumani siri, alilipwa kwa noti hizo bandia. Benki iliacha kutoa noti za pauni 10 kwenda juu mwaka 1943, na mwaka 1946 zile za pauni 5 zisizo na uzi zikaacha kuwa fedha halali.

Kwa hiyo matundu ya pini hayathibitishi chochote. Chukua kioo cha kukuzia, weka pembeni noti ambayo una hakika nayo, ulinganishe michirizi ya Britannia mmoja mmoja. Kama huna ya kulinganishia, usinunue. Ajabu ni kwamba hizo bandia nazo zina wateja wao siku hizi, alimradi muuzaji aseme ukweli.

6. Mwisho, geuza nyuma. Wenye maduka walikuwa wakimtaka mteja aandike jina na anwani yake hapo, kwani pauni 5 zilikuwa fedha nyingi. Usifute. Moja ya zangu ina jina la mwanamke na mtaa wa Leeds, kwa penseli, na siiuzi.