Misingi ya Uuguzi: Presha, Dripu, Dawa na Maswali ya "Utaanza na Nani?"

Mwanafunzi aliyekariri hatua za kupima presha kama shairi huzisahau pale anapomwona mtahini amesimama na cheklisti mkononi. Anayejua kila hatua inazuia kosa gani hapotei, kwa kuwa hatua moja humkumbusha nyingine. Mtihani wenyewe, Tanzania na Kenya, huandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna anayekuzuia kulielewa jambo kwa Kiswahili kwanza, halafu ukajifunza jina lake la mtihani.

Presha

Mgonjwa akae ametulia kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili sakafuni. Akikunja nne, namba zinapanda. Muulize kama katika nusu saa iliyopita amekunywa kahawa au amevuta sigara, na kama anahitaji kwenda haja ndogo, maana kibofu kilichojaa nacho hupandisha presha. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia chini utasoma presha ya juu isiyo ya kweli. Ukiinuliwa kupita moyo, utasoma ya chini.

Halafu mkanda. Mpira ulio ndani yake uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mkono wa juu, na urefu wa asilimia 80 hivi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu ya uongo, na hili ni kosa la kila siku wodini kwa sababu mara nyingi mkanda uliopo ni mmoja tu. Ufunge kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wa chini ukiwa sentimita 2 hadi 3 juu ya kikunjo cha kiwiko. Usiufunge kwenye mkono wenye dripu, wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji) ya kusafishia damu, wala wa upande ambao mgonjwa ameondolewa titi pamoja na tezi za kwapani.

Sasa usikimbilie stetoskopu.

1. Papasa mapigo kwenye kifundo cha mkono, jaza hewa mpaka yapotee, kumbuka namba hiyo.
2. Toa hewa yote na umpumzishe kama nusu dakika.
3. Weka stetoskopu juu ya ateri kwenye kikunjo cha kiwiko, jaza hewa mpaka mmHg (milimita za zebaki, kizio cha presha) 30 juu ya namba uliyoikumbuka.
4. Achia hewa taratibu, mmHg 2 hadi 3 kwa sekunde. Mdundo wa kwanza ni presha ya juu (systolic), namba inayoandikwa kwanza. Pale midundo inapokatika kabisa kwa mtu mzima ni presha ya chini (diastolic), namba ya pili.

Kwa nini kupapasa kwanza? Kwa baadhi ya wenye presha ya kupanda, midundo husikika, ikapotea katikati, kisha ikarudi. Aliyejaza hewa kwa kukisia akaishia ndani ya pengo hilo ataandika 150 kwa mtu mwenye 190. Hewa ikitoka kasi, nayo, presha ya juu husomeka pungufu na ya chini husomeka zaidi. Ukipitwa na mdundo usijaze tena katikati ya safari: toa hewa yote, subiri dakika 1, anza upya.

Andika namba, mkono uliotumia na mkao wa mgonjwa. Kipimo kimoja cha 140/90 hakimfanyi mtu mgonjwa wa presha. Kinakufanya wewe urudie na utoe taarifa.

Viashiria vingine vya uhai

Mapigo ya mtu mzima ni 60 hadi 100 kwa dakika. Usipime kwa kidole gumba, utahesabu mapigo yako mwenyewe. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima. Pumzi, 12 hadi 20 kwa mtu mzima na 30 hadi 60 kwa mtoto mchanga, zihesabu ukiwa bado umeshika kifundo chake kana kwamba unaendelea na mapigo, kwa kuwa mtu akijua anahesabiwa pumzi huibadilisha bila kukusudia. Kwapa likaushwe kabla ya kuweka kipimajoto. Kwa oksijeni, rangi ya kucha na hina nyeusi huweza kuzuia mwanga wa kifaa kinachobanwa kidoleni. Tafuta kidole kisicho na rangi.

Hesabu za dripu na dawa

Matone kwa dakika = mililita zote × matone ya seti (mrija wa dripu) kwa mililita 1 ÷ muda kwa dakika.

Daktari ameandika mililita 1000 kwa saa 8, seti ni ya matone 20. Zidisha 1000 kwa 20, upate 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: 41.7, yaani matone 42, kwani hakuna nusu tone. Wengi hukosa sehemu mbili: kugawanya kwa saa 8 badala ya dakika 480, au kudhani kila seti ni ya matone 20 bila kusoma pakiti. Seti ndogo ya matone 60 ina raha yake: mililita kwa saa na matone kwa dakika ni namba ileile. Mililita 250 kwa saa 5 ni mililita 50 kwa saa, basi ni matone 50.

Dripu ikichelewa, usiifungulie ikimbie ili kufidia muda. Kwa mtoto, mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo au figo, maji hayo huishia mapafuni. Kagua kwanza kama mrija umepinda, mkono umekunjwa au sehemu ya sindano imevimba, kisha toa taarifa na upige hesabu upya kwa maji na muda uliobaki.

Kwa dawa za watoto: mtoto wa kilo 12 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kilo. 12 × 15 = miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Ukipata 75, nukta imehama. Mtoto wa kilo 12 hanyweshwi karibu chupa nzima ya mililita 100.

Kabla ya kutoa dawa yoyote hakikisha mgonjwa, dawa, kipimo, njia na muda, kisha andika baada ya kutoa, kamwe si kabla. Usimuulize mgonjwa "Wewe ni Asha?" Anayesinzia huitikia lolote. Muulize "Jina lako nani?" halafu linganisha na faili. Sindano ya msuli huingia kwa nyuzi 90, ya chini ya ngozi kwa 45, ya ndani ya ngozi kwa 10 hadi 15. Ukimaliza usirudishe kifuniko. Iende moja kwa moja kwenye sanduku la vyenye ncha kali, ambalo hufungwa likifika robo tatu.

Mpango wa huduma

Hatua ni tano: kukusanya taarifa, utambuzi wa kiuguzi, mpango, utekelezaji, tathmini. Alama hupotea kwenye ya pili. "Nimonia" ni utambuzi wa daktari. Wa muuguzi ni: njia ya hewa haisafishiki vizuri kutokana na makohozi mazito, kama inavyoonekana kwa pumzi 32 kwa dakika na kikohozi kisichotoa kitu. Tatizo, chanzo, ushahidi. Lengo nalo lipimike: "ndani ya saa 24 mgonjwa atakohoa na kutoa makohozi, pumzi zitashuka chini ya 24." "Mgonjwa atajisikia vizuri" halipimiki.

Utaanza na nani?

Wagonjwa wanne: mwenye sukari ya damu 9 mmol/L, mwenye maumivu ya mguu uliovunjika, anayesubiri kuruhusiwa, na aliyetoka upasuaji wa tezi ya shingo sasa anakoroma akivuta hewa. Nenda kwa wa mwisho, maana uvimbe au damu shingoni vinaweza kuziba koo. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ndipo mengine. Na tatizo lililopo hutangulia linaloweza kutokea. Jihadhari na jibu la "mwite daktari". Huwa sahihi pale tu swali limeshakupa vipimo vyote na huna la kufanya mwenyewe. Kama bado hujamkagua mgonjwa, kagua. Kama anashindwa kupumua, mkalishe na umpe oksijeni huku ukiita msaada.

Ukikosea kuandika kwenye faili, usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja ili maneno yasomeke, andika maneno yaliyo sahihi pembeni, weka tarehe, saa na saini.