Kutafuta choo Goma bila kuadhirika

Nauza vitenge vya kutembeza hapa Goma, mashariki mwa Kongo: asubuhi Birere, mchana soko la Virunga. Siku nzima niko njiani, na mambo haya nimeyajua kwa kubanwa.

Hatua ya 1. Kabla ya kutoka nyumbani, tenga noti ndogo, za franka 200 na 500. Mama anayelipwa mlangoni pa choo ukimpa noti ya 10,000 asubuhi, hana cha kukurudishia. Beba na papiye yako, karatasi ya choo. Anayokukatia yeye haizidi kiganja.

Hatua ya 2. Tafuta ngazi. Huu ndio ufunguo wa Goma. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno. Lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu. Kuchimba shimo humo ni kupigana na mwamba kwa nyundo na mtalimbo, kwa hiyo watu wengi hujenga shimo juu ya ardhi, na choo kikakaa juu yake. Ukiona kijumba chembamba kimeinuka, mlango wa bati, ngazi tatu au nne mbele yake, ndicho. Binamu yangu wa Bukavu alikipita mara mbili akidhani ni kibanda cha mlinzi. Mvua ikinyesha ngazi hizo zinateleza: pandisha kitenge hadi magotini kwanza, ndipo upande.

Hatua ya 3. Usimuulize motari, yule wa pikipiki ya abiria, atakuambia panda twende. Muulize mama anayeuza chakula. Amekaa hapo tangu alfajiri, naye ana mahali anapokwenda. "Jambo mama, choo iko wapi hapa karibu?" Hatasema mengi, atakuelekeza kwa kuchongoa midomo tu.

Hatua ya 4. Ukiwa mbali na soko, ingia nganda (baa) au mgahawa, agiza soda, kisha uliza. Ukianza na choo utaambiwa kimeharibika. Parokia nazo hazinyimi mtu, hasa ukiwa na mtoto.

Hatua ya 5. Tingisha bidoni, dumu la maji la chooni, kabla ya kufunga mlango. Maji hapa ni ya kubebwa, na mimi niliwahi kugundua bidoni ni tupu nikiwa nimeshachuchumaa. Nililia "mama, maji!" hadi mtoto mmoja akapitisha kopo chini ya mlango. Alidai franka 200 zake papo hapo.