Deraya ya pete: kutoka waya hadi kifuani

Wiki iliyopita kijana wa jirani alinijia na mfuko uliojaa chuma. Kikundi chao cha maigizo kinahitaji askari wa Ulaya wa karne ya 13, naye alikuwa amesuka deraya, vazi la vita la pete za chuma zilizoshikana, siku nne. Akiivaa, inamkaa kama chandarua kilichochoka. Kosa lake nililifanya mimi mwenyewe zamani, kwa hiyo naliandika hapa nisilieleze mara ya tatu.

1. Waya. Milimita 1.6, wa mabati, yaani chuma kilichopakwa zinki. Waya wa kufungia nondo uache dukani, ni laini mno na pete zake hufunguka zenyewe. Waya wa mabati usiupashe moto hata kidogo, moshi wa zinki utakulaza na homa.

2. Kuzungusha. Tafuta fimbo ya chuma ya milimita 8, nyororo. Nondo ina matuta, na waya ukishazungushwa ukawa springi hautachomoka. Toboa tundu mwishoni, ingiza ncha ya waya, zungusha ukibana. Ukiachia, waya utajirudi kidogo na pete zitakuwa pana kuliko fimbo. Si tatizo, mradi zote zilingane. Katika Surat Sabai, Nabii Daudi anaamriwa kutengeneza deraya na kupima vizuri maungio yake. Aliyewahi kusuka pete kubwa na ndogo pamoja anajua kwa nini kipimo kimetajwa.

3. Kukata. Wengi hutumia mkasi mkubwa wa kukatia chuma. Ni wa haraka, lakini kila pete inabaki na ncha kali kama kucha ya paka. Mimi nabana springi kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kukata kwa msumeno wa chuma. Mkono utauma. Vaa miwani.

4. Kufungua na kufunga. Shika pete kwa koleo mbili, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Usiivute kulia na kushoto, haitarudi kuwa duara. Ukifunga, pitisha kidogo kisha rudisha mpaka ncha zisuguane. Papasa kwa kucha, ikikwama, bado.

5. Kusuka. Nusu ya pete zifunge kabisa kabla ya kuanza. Chukua pete iliyo wazi, itie nne zilizofungwa, ifunge. Ilaze: mbili juu, mbili chini. Pete wazi inayofuata ibebe mbili mpya na ipite kwenye mbili za chini. Endelea. Kila pete ya katikati inashika nne.

6. Upande wa kuning'iniza. Hapa ndipo mimi nilipopoteza wiki nzima.

Tandaza kipande chako mezani. Utaona mistari: pete za mstari mmoja zimelalia upande mmoja, za mstari unaofuata upande wa pili. Mistari hiyo lazima ikizunguke kiwiliwili kama mkanda. Isishuke kutoka begani kwenda kiunoni.

Kipande kikining'inia sawasawa, uzito wake unazisogeza pete zikaribiane, kinajifumba. Kivute pembeni, kinatanuka, kiachie, kinarudi. Ndiyo maana deraya hushika mwili na bado kifua kinapata nafasi ya kupumua. Kikigeuzwa, uzito unavuta kufuata mistari na matundu yanabaki wazi. Mezani huwezi kuona tofauti, kwa hiyo kiinue kwa vidole viwili kila baada ya kiganja kimoja cha kazi. Yule kijana wa jirani alikuwa amesuka kifua sawa na mgongo kinyume, kisha akaviunganisha ubavuni. Mistari haikukutana, akalazimisha kwa pete za ziada. Tulikata mgongo wote, tukaugeuza, tukaongeza upana. Na mikono je? Ukiiendeleza moja kwa moja kutoka begani, mistari yake itafuata urefu wa mkono. Mimi huisuka peke yake, mistari ikiuzunguka mkono.

7. Mabega. Kamba mbili pana za pete zilezile, basi. Shingo ya mraba inatosha jukwaani.

Mafundi wa zama zile hawakuziacha pete hivi, ncha zikigusana tu. Walipondaponda ncha, wakazipandanisha, wakatoboa na kupigilia ribiti ndogo, vijisumari vya kuzifunga ncha, pete moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Pete zetu hufunguka zikichomwa kwa ncha, kwa hiyo asije mtu akakujaribu kwa kisu.

Kutu ikianza, itie deraya kwenye gunia pamoja na mchanga mkavu, mshike wawili, mtikise hadi ing'ae. Ipakeni mafuta kidogo kabla ya kuitundika.