Chemsha makapi ya miwa kabla ya kuchanganya na saruji

Unayetengeneza silingibodi za makapi ya miwa na saruji, yachemshe makapi kwanza kama nusu saa, mwaga yale maji yenye rangi ya chai, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Sukari iliyobaki kwenye nyuzi huzuia saruji kushika, na kidogo tu kinatosha kukuharibia bodi nzima. Kabla ya kujaza kalibu, finyanga donge dogo la makapi hayo na saruji, lifunike, kesho yake likwaruze kwa ukucha. Likimomonyoka, rudia kuosha. Makapi yaliyoota ukungu na kunuka uchachu usihangaike nayo: nyuzi zimeshaoza, hata uchemshe kutwa nzima. Hayo yapeleke kwenye mboji.