Kabla ya kulipia leza ya kipandikizi, omba namba yako

Siku nilipowekewa kipandikizi cha gego la chini, yaani skrubu ya titani inayokaa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, mdomo ukiwa bado na ganzi, nilimuuliza daktari: "Kimeshika mfupani kwa ngapi?" Akasema 72. Nikaiandika kwenye simu papo hapo. Na wewe anzia hapo, maana bila namba ya siku ya kwanza hutajua leza, ule mwanga wa kusaidia mfupa ukishike, imekusaidia au imekula hela tu.

Kupima hakuumi. Kijiti kidogo chenye sumaku hufungwa juu ya kipandikizi, kisha kifaa hukitikisa bila kukigusa na kusoma mtetemo wake. Kipimo ni 1 hadi 100: kuanzia 70 kimeshika vizuri, chini ya 60 daktari huenda taratibu. Omba kipimwe pande mbili, kwa kuwa mfupa haubani sawasawa kila upande.

Wiki ya 2 hadi ya 4, namba ikishuka usihamaki. Mwanzoni titani imebanwa tu na mfupa wa zamani, kama skrubu kwenye ubao. Baadaye mwili hubomoa mfupa ule uliobanwa na kujenga mpya, na katikati hapo kuna ulegevu. Yangu ilifika 66. Usiku ule sikulala, kila saa ulimi unakwenda kukagua.

Ni kipindi hicho ndipo watu hushauriwa leza ya nguvu ndogo. Hii haikati nyama. Ni mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hadi 1,000 hivi, ambao hunyonywa na mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, na kuzipa seli nguvu zaidi ya kufanya kazi. Kwenye maabara inapendeza. Kwa wagonjwa, majaribio mengine yameonyesha namba kupanda kidogo, mengine hayakuona tofauti yoyote. Kwa hiyo ukiambiwa ni lazima, uliza: nanomita ngapi, na jouli ngapi (nishati ya mwanga) kwa sentimita ya mraba? Dozi ikizidi, mwanga huohuo unaweza kuzifubaza seli. Mimi asiyenijibu hilo simlipi.

Taja mapema dawa unazomeza, hasa zinazofanya ngozi isivumilie jua, na kama umewahi kuwa na saratani ya kinywa. Miwani ya kinga uvae wewe na anayekuhudumia pia. Usitarajie kuhisi kitu. Nilidhani mashine imezimwa, nesi akacheka.

Sigara acha kabisa; hakuna mwanga utakaofidia moshi. Upande ule usitafunie vigumu.

Mwezi wa 3 nilisoma 77, ndipo daktari akakubali kuweka taji, yaani jino la bandia la juu yake. Sifa zote siipi leza: wakati huo namba hupanda hata kwa wengi wasiopigwa mwanga.