Bei ya Leo Isikuchagulie Zao la Msimu Ujao

Bei ya nyanya ikipanda, wakulima wote wanaiona. Hapo ndipo penye mtego. Miche utakayopandikiza kwa kuifuata bei hiyo itaanza kuvunwa miezi miwili mitatu baadaye, pamoja na ya wenzako wote walioiona. Soko linafurika, bei inaanguka, wengi wanaliacha zao, kisha bei inapanda tena. Tangu miaka ya 1930 wachumi wanauita mzunguko huu utando wa buibui, kwa jinsi mchoro wake unavyoonekana.

Basi tupande kile wanachokiacha wengine? Ushauri huo hutolewa sana, nami naukubali nusu tu. Mwaka 1994 mchumi W. Brian Arthur alitoa mfano wa baa moja ya Santa Fe, Marekani: watu 100, kila mmoja anaamua peke yake kama aende, na wakizidi 60 hapana raha tena. Wote wakiamini patajaa, hakuna aendaye, na baa inabaki tupu. Kwenda kinyume nako ni hivyo hivyo: wasomaji wote wa makala hii wakienda kinyume, hicho kinyume ndicho kitakachofurika.

Kwa hiyo acha kubashiri nia za watu, kagua walichokwisha kufanya. Kabla ya kupandikiza, pita kwenye vitalu uulize miche mingapi imeagizwa. Muulize muuza pembejeo mbegu ipi inamwishia. Aliyekwisha kulipa hageuki kirahisi. Anayetangaza tu kwamba atalima eneo kubwa huenda anakutisha umpishe.

Kisha piga hesabu kwa bei mbaya, si kwa bei ya leo. Kama haitarudisha gharama na huna akiba ya kuhimili hasara, punguza eneo. Pandikiza kwa awamu, wiki mbili tatu kati ya moja na nyingine, na sehemu ya shamba weka zao linalohifadhika: vitunguu vilivyokaushwa vizuri hukaa miezi, nyanya iliyoiva haingoji.

Mkiwa kikundi, kubalianeni tarehe za kupandikiza badala ya bei. Makubaliano ya bei mwenzenu anaweza kuyavunja kwa kumuuzia mnunuzi mmoja kwa siri, ila shamba halifichiki. Zamu nazo zizunguke kila msimu, kwa kuwa zamu ya kwanza kila mtu ataitaka.