Namna ya Kujiandaa kuwa Mchumi Mshauri wa Serikali katika Fedha za Kimataifa

Anayetaka kuishauri serikali kuhusu mikopo ya nje aanze na hisabati na takwimu, kwani shahada ya uchumi isiyo na misingi hiyo humkwamisha mtu anapoomba nafasi ya uzamili. Si lazima uzamili huo ufuatwe ng'ambo. Muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, umeshirikiana na vyuo vikuu vya bara hili kuwafunda wachumi wengi; Profesa Benno Ndulu, aliyewahi kuuongoza, alifanya kazi Benki ya Dunia, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018.

Ukiwa bado masomoni, jizoeze kuusoma mkopo hadi malipo ya mwisho. Chukua hatifungani (hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji) ya Kenya ya mwaka 2014, ya miaka kumi, yenye riba ya asilimia 6.875 kwa mwaka, uandike jedwali la kila malipo kwa dola na kwa shilingi. Dola ilipokuwa shilingi 87 hivi, deni hilo la dola bilioni 2 lilikuwa takribani shilingi bilioni 175. Kwa kiwango cha Januari 2024, cha karibu shilingi 160, lilifika bilioni 320, bila kuongezeka hata dola moja. Mwezi uliofuata Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya hatifungani hiyo kabla haijaiva, yaani kabla ya tarehe ya kurudisha mtaji wake. Jiulize ungeshauri nini, na mapema kiasi gani.

Jibu lako liandike katika waraka wa kurasa mbili, pendekezo likitangulia, kisha gharama, kisha hali itakavyokuwa shilingi ikishuka. Wapo wanaoificha hali hiyo mbaya kwenye kiambatisho, na katibu mkuu mwenye mafaili hamsini mezani hafiki huko.

Kuhusu ajira, naona heri kuanzia idara ya deni Hazina au idara ya utafiti ya benki kuu, hata kama mshahara ni mdogo, kabla ya kuomba nafasi Washington, kwenye Benki ya Dunia au Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Bajeti inavyokatwa katikati ya mwaka utaijulia katika idara hizo za nyumbani. Waziri akiamua kinyume cha ushauri wako, mamlaka ni yake. Wewe hakikisha waraka umeingia kwenye jalada ukiwa na tarehe.